Jina la Askofu Tozer: Asili Yake na Maana Yake

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za jina moja tu, jina la ukoo la Kiingereza, tena jina lisilo la kawaida hata kwa Waingereza wenyewe. Huenda mtu akasema, "Jina la Mzungu mmoja lanihusu nini mimi?" Namwomba anivumilie kidogo, maana mwisho wa mazungumzo haya natumaini ataona kwamba lamhusu.

Siku moja nilikuwa nikifundisha darasani habari za misheni zilizofika Unguja zamani. Niliandika ubaoni jina la Askofu Tozer, kisha nikalisoma kwa sauti. Waingereza hulitamka jina hili karibu sawa na neno letu "toza". Mara kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akauliza kwa adabu, lakini macho yake yakicheka, "Mwalimu, huyu Askofu alitoza nini, kodi au faini?" Darasa zima likaangua kicheko, wala mimi sikuweza kujizuia. Lakini kicheko kilipokwisha, kijana yule alikuwa bado amesimama, akingoja jibu. Hapo nikatambua kwamba sikuwa nalo. Nilikuwa nimelitaja jina hilo miaka mingi mbele ya wanafunzi, wala sikupata kujiuliza hata mara moja lina maana gani. Nikamwambia, "Keti, mwanangu, nitalitafuta." Mazungumzo ya leo ndiyo jibu lake.

Kwanza tumjue mwenyewe. William George Tozer alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiingereza, na kwao kulikuwa Devon, jimbo lililo kusini-magharibi ya Uingereza. Mwaka wa 1863 aliwekwa kuwa Askofu wa misheni ya vyuo vikuu katika Afrika ya Kati, badala ya Askofu Mackenzie aliyefariki mwaka wa 1862 kwa homa upande wa mto Shire. Tozer alifika huko, akakaa mlima Morambala, akaona nchi ina maradhi na vita. Ndipo mwaka wa 1864 alipoihamishia misheni Unguja. Sayyid Majid alimpa watoto watano waliokuwa wamenyang'anywa wafanya biashara ya watumwa, nao wakawa wanafunzi wake wa kwanza mjini. Dada yake, Helen Tozer, alimfuata Unguja akafundisha wasichana. Askofu aliiacha kazi mwaka wa 1873 kwa sababu ya afya yake, na mwaka wa 1874 Dakta Edward Steere, yule mtaalamu wa Kiswahili, akawekwa mahali pake. Basi mnaona kwamba hakutoza kodi yo yote.

Sasa turudi kwenye jina. Zamani sana Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa na jina lake moja, nalo lilitosha, kwa kuwa vijiji vilikuwa vidogo na kila mtu alimjua mwenziwe. Mwaka wa 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, wakaleta majina yao. Majina hayo yalipendwa sana, hata katika kijiji kimoja wakawako akina William watano na akina John saba. Watu wangepambanuliwaje? Ikawa kila mmoja huongezewa neno la kumtambulisha, kama sisi tusemavyo "Juma wa kisimani" na "Juma fundi".

Maneno hayo ya kuongeza yalikuwa ya namna nne. Namna ya kwanza ni mahali akaapo mtu: aliyekaa karibu na kilima aliitwa Hill, na aliyekaa penye kivuko cha mto aliitwa Ford. Namna ya pili ni jina la baba: mwana wa John akawa Johnson, kama vile Waswahili wasemavyo "bin". Namna ya tatu ni sifa ya mtu, ya umbo au ya tabia: mfupi aliitwa Short, na mwenye mwili mweupe au nywele nyeupe aliitwa White. Namna ya nne ni kazi: mhunzi akaitwa Smith, mwoka mikate akaitwa Baker, na mshona nguo akaitwa Taylor.

Hapo kwanza neno hilo la kuongeza lilikufa pamoja na mwenyewe. Mwana wa mhunzi akiwa mwoka mikate, aliitwa Baker. Lakini mashamba yalirithiwa, mikataba iliandikwa, na serikali ilitaka kuwajua watu wake. Miaka ya 1377, 1379 na 1381 mfalme alitoza kodi ya kichwa, na makarani wakawaandika watu kijiji kwa kijiji, na mara nyingi kazi zao pia. Hivyo kidogo kidogo neno la baba likamshika mwana, na la mwana likamshika mjukuu, hata yapata mwaka wa 1400 Waingereza wengi walikuwa na majina ya ukoo yasiyobadilika. Basi yule mwanafunzi wangu hakukosa kabisa: kodi ilikuwamo katika habari hii, ila haikuwa katika maana ya jina.

Maana ya Tozer ni hii. Katika Kiingereza cha zamani hizo palikuwa na neno "tosen", maana yake kuchambua sufu, yaani kuvutavuta manyoya ya kondoo mpaka yafumuke na kuachana. Mwenye kufanya kazi hiyo akaitwa "toser", na ndilo jina Tozer. Kwa Kiswahili chetu twaweza kulifasiri kwa neno moja zuri tulilo nalo tayari: Mchambuzi. Lakini si mchambuzi wa maneno, bali mchambuzi wa sufu.

Asiyepata kuona manyoya ya kondoo wa nchi za baridi hatajua kazi hii ni kazi ya namna gani. Kondoo wale hawana manyoya mafupi kama kondoo wetu wengi. Manyoya yao ni marefu, mazito, yamejikunja, yamejaa mafuta ya mwili, na ndani yake mna taka, majani makavu, miiba na udongo. Wakati wa joto kondoo hunyolewa, na manyoya yakatoka yameshikamana kama blanketi moja. Kisha hupambanuliwa mazuri na mabaya, yakaoshwa, yakakaushwa. Yakikauka hugandamana mafundo mafundo, wala hayasokoteki. Hapo ndipo mchambuzi anapoanza kazi yake. Huketi na chungu ya sufu mbele yake, akashika fundo moja, akalivuta kwa vidole huku na huku, akatoa taka, akalifumua mpaka likawa jepesi kama usufi, ndipo ashike jingine. Ni kazi ya kutwa, ya vidole na ya subira, wala haina sifa. Ninyi mlioona wanawake wa pwani wakichambua makumbi ya nazi, wakiyaponda na kuyavuta nyuzi nyuzi ili wasokote kamba, mnaijua kazi ya Tozer.

Baada ya kuchambuliwa, sufu hupakwa mafuta kidogo ili nyuzi zisikatike, halafu huchanwa. Ile yenye nyuzi fupi huchanwa kwa vibao viwili vilivyojaa vijino vya waya, na ile yenye nyuzi ndefu huchanwa kwa vitana vya chuma vilivyotiwa moto. Kisha husokotwa ikawa uzi, uzi ukafumwa ukawa nguo. Lakini nguo itokayo kwa mfumaji bado ni nyepesi na matundu yake yaonekana. Yapasa itiwe majini pamoja na udongo wa kuondoa mafuta, ikanyagwe sana kwa miguu au ipigwe kwa nyundo za mti zinazoendeshwa na maji ya mto, hata ijikaze na kuwa nzito. Kisha huwambwa juani penye viunzi vyenye kulabu. Halafu husuguliwa kwa vichwa vikavu vya mmea mmoja wenye miiba iliyojipinda, ili vinyweleo vyake visimame. Na mwisho vinyweleo hivyo hukatwa sawasawa kwa mkasi mkubwa. Rangi hutiwa sufu yenyewe, au uzi, au nguo ikiisha fumwa.

Nimewaelezeni haya yote kwa sababu karibu kila mkono ulioshika sufu hiyo uliacha jina. Mchana sufu ni Carder au Kempster. Mfumaji ni Webb, au Weaver, au Webster. Mtia rangi ni Dyer. Mkata vinyweleo ni Shearman, au Sherman. Na yule mkanyaga nguo ana majina matatu, kwa kadiri ya upande wa nchi: kaskazini aliitwa Walker, yaani mwenye kwenda kwa miguu, kwa kuwa alitembea juu ya nguo ndani ya maji, kusini-mashariki aliitwa Fuller, na kusini-magharibi, ndiko Devon, aliitwa Tucker. Watu watatu wenye majina hayo wanaweza kukutana leo katika gari moja wasijue kwamba babu zao walifanya kazi moja.

Je, kwa nini Walker na Webb wawe wengi, na Tozer wawe wachache? Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba uchambuzi wa sufu haukuwa kazi ya fundi mwenye duka lake, kama uhunzi. Mara nyingi ulikuwa kazi ya nyumbani, ya wanawake na watoto, nao Waingereza walirithi jina la baba. Wanawake ndio waliosokota karibu nyuzi zote za nchi ile, hata neno la Kiingereza lenye maana ya msokotaji likawa katika sheria ndilo neno la mwanamke asiyeolewa. Lakini majina ya ukoo yalifuata wanaume. Basi kazi iliyokuwa mikononi mwa watu wengi kabisa ikaacha majina machache. Sababu ya pili ni kwamba neno lenyewe halikutumika kwa kazi hiyo kila mahali. Pengine walisema jina jingine.

Katika Devon jina hili lilitia mizizi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1881 yaonyesha kwamba akina Tozer walikuwa wengi katika Devon kuliko mahali pengine po pote Uingereza. Wala si ajabu, maana Devon ilikuwa nchi ya sufu. Mito yake iliendesha nyundo za wakanyaga nguo, na nguo za Exeter na Tiverton ziliuzwa mpaka ng'ambo ya bahari. Katika mji wa Exeter wafumaji, wakanyagaji na wakataji wa vinyweleo walikuwa na chama chao, wakajenga jumba lao mwaka wa 1471, nalo lingali limesimama. Mitambo ya mvuke ilipopata nguvu katika miji ya kaskazini, kazi ya sufu ya Devon ilififia.

Neno lenyewe nalo likafifia. Mwingereza wa leo ukimwambia "tosen" hatakuelewa. Lakini ndugu zake neno hilo wako hai. Kuna neno la Kiingereza lenye maana ya kutimua nywele za mtu. Kuna neno jingine ambalo zamani lilikuwa na maana ya kuchambua sufu, na sasa lina maana ya kumchokoza mtu kwa mzaha, kwa maana mchokozi naye humvutavuta mwenziwe huku na huku. Na ule mmea wa miiba wa kusugulia nguo umepata jina lake katika shina hilo hilo. Hivyo kazi imekufa, neno limekufa, na jina la watu limebaki, kama gogo la mlingoti juu ya mchanga linaloonyesha kwamba hapo paliwahi kutia nanga chombo.

Nilipompa mwanafunzi wangu jibu hili, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, nilidhani majina yao ni majina ya heshima tu. Kumbe ni akina Mchambua Sufu!" Wenziwe walicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine.

Naona yatupasa kujihadhari hapa na makosa mawili. Kosa la kwanza ni kulifasiri jina kwa mlio wake. "Toza" yetu na Tozer ya Devon zimekutana njiani kama wageni wawili waliovaa kanzu za rangi moja, si ndugu. Anayetaka asili ya jina na atafute lilivyoandikwa zamani, lilikotumika, na kazi au mahali palipolizaa. Kosa la pili ni kudhani kwamba maana ya jina ndiyo maana ya mtu. Askofu Tozer hakuwa mchambua sufu. Jina latuambia tu kwamba hapo kale, katika ukoo ule, alikuwako mtu aliyekula jasho la vidole vyake, na ya kuwa wajukuu wake hawakuona haya kuitwa kwa kazi yake, hata mmoja wao alipovaa joho la uaskofu.

Nami sasa nina jambo la kuungama. Zamani huko Uingereza tahajia ya majina haikuwa imara. Mwaka wa 1538 makasisi waliamriwa kuandika katika daftari kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko. Kasisi mmoja aliandika kama alivyosikia, na mwingine kama alivyosikia yeye. Ndiyo sababu twaona Tozer, na Toser, na Tozier. Kalamu ya mtu mmoja yaweza kugawanya ukoo. Nalijua hili kwa sababu kalamu hiyo nimepata kuishika mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya pwani, aliletwa mtoto ambaye nyumba yao ilijulikana kwa jina la Msokota Kamba. Babu yake alikuwa msokota kamba za makumbi, na kamba zake zilijulikana na manahodha. Watoto wenziwe walimdhihaki. Nami, badala ya kuwafundisha wao, nilimfuta yeye. Nilimwandika katika daftari kwa jina lake la ubatizo na jina jingine la Kizungu nililolipenda mimi, nikidhani nimemtendea wema. Nduguze wadogo waliosoma shule nyingine waliandikwa kwa jina la nyumba yao.

Miaka mingi ikapita. Baba yao akafariki, akaacha minazi na kiwanja. Siku moja mtu mzima akabisha mlangoni pangu, nami sikumtambua. Alikuwa yeye. Aliniambia kwamba wazee wa mtaa wote wanamjua kuwa ni mwana wa kwanza wa marehemu, lakini karani wa baraza alipofungua cheti chake cha shule aliona jina lisilofanana na la nduguze hata herufi moja, akamwambia alete ushahidi kwamba yeye ni mtoto wa baba yake. Hakunilaumu. Aliniomba tu niende pamoja naye. Nikaenda, nikasimama mbele ya watu, nikasema, "Jina hili nililiandika mimi, naye hakuniomba." Shauri likatengenea, lakini si kwa siku moja, na uso wa mtu yule alipokuwa akingoja kuambiwa kama ni mwana wa baba yake, sijausahau.

Kwa hiyo nasema ya kwamba habari hii yatuhusu. Waingereza wanaye Tozer mchambua sufu, na Roper msokota kamba, na Smith mhunzi, nao hawayafichi. Nasi tunao akina Fundi, Mhunzi, Mvuvi, na wengine walioitwa kwa njaa, kwa mvua, kwa mahali na kwa safari. Kila jina la namna hiyo ni barua fupi iliyoandikwa na mababu ambao hawakujua kuandika.

Ninyi wanafunzi, mkirudi nyumbani wakati wa likizo, waulizeni wazee: jina letu limetoka wapi? Nani aliitwa hivyo kwanza, na kwa sababu gani? Kazi hiyo ilifanywaje, kwa vyombo gani? Andikeni majibu katika daftari, pamoja na jina la mzee aliyewaambia, na mwaka. Msingoje; mzee akiondoka, huondoka na kamusi yake. Nanyi walimu wenzangu, mtoto akiletwa kwenu kuandikwa, mwulizeni mzazi wake jina atamkavyo, mwandike hivyo hivyo, mkaangalie wameandikwaje nduguze. Kalamu ya mwalimu ni nyepesi mkononi, lakini lile iliandikalo ni zito.

Na tukisikia jina tusilolielewa, la kwetu au la wageni, tusilicheke likaishia hapo. Tufanye kama yule mchambuzi wa Devon: tulishike fundo lile, tulivutevute kwa subira, tutoe taka, mpaka nyuzi zake zionekane.